Unataka kuiweka Kilwa ya kale kwenye ramani ya kompyuta? Soma hapa kwanza

Wiki hii kuna dada kaniandikia inbox, anasoma historia, anataka kutumia QGIS, ile programu ya kompyuta ya kuchora ramani, kwenye utafiti wake wa Kilwa Kisiwani, na msimamizi wake kamwambia hizo ni kazi za watu wa ardhi, yeye akasome nyaraka. Mdogo wangu, hayo maneno nayajua. Mimi niliambiwa hivyohivyo mbele ya darasa zima, kwamba nachora ramani za kupendeza ila historia hakuna, na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Ila juzijuzi nimeonyesha ramani yangu ya Kilwa kwa watu wa mambo ya kale na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ni historia, kila mtu alitaka kujua data nimeipangaje. Kwa hiyo najibu hapa hadharani maana najua mpo wengi mnaoitamani hii kazi.

Kitu kikubwa kuliko vyote: soma waraka huku kila mstari unajiuliza, hili limetokea wapi? Chukua tarihi ya Kilwa, ile simulizi ya kale ya watawala wake. Tunayo kwa namna mbili, ya Kiarabu, na ile ya Kireno aliyoiingiza mwanahistoria João de Barros kwenye kitabu chake cha 1552. Inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan, mwanzilishi wa utawala wa Kilwa, alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote, na kwamba zamani maji yakipwa watu walikuwa wanavuka kwa miguu kwenda bara mpaka yeye alipouchimba mkondo pasivukike tena. Wengi wanaisoma kama hadithi tamu halafu wanapita. Mi nilitafuta picha za satelaiti za maji kupwa na za maji kujaa nikazipandisha moja juu ya nyingine, na hapo ndo utashangaa, kisiwa ni kimoja lakini pwani ni mbili kabisa! Upande wa bandari kina kipo, chombo kinaelea muda wote. Upande wa mikoko na matope hujui hata mstari wa pwani uuchore wapi, sasa hiyo nguo ya kuzunguka kisiwa utaipima ukipitia nje ya mikoko au ndani? Nilichora mistari yote miwili. Tangu siku hiyo sijabishana tena na mtu kuhusu ukweli wa hiyo hadithi, nauliza tu kivuko kingeweza kuwa upande gani na aliyekifunga alikuwa anajilinda na nani.

Halafu kuna Ibn Battuta, yule msafiri kutoka Moroko. Alifika 1331, enzi za sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifia mji kwa uzuri ila nyumba akasema ni za mbao. Wakati huohuo Husuni Kubwa, jumba la mawe ya matumbawe lenye vyumba zaidi ya mia na bwawa la pembe nane, linahusishwa na sultani huyohuyo. Watu wanagombana kweli kwenye hili. Mi nasema weka kwenye ramani kwanza. Husuni Kubwa ipo mashariki, juu ya jabali linalotazama bahari, mbali na Msikiti Mkuu na mji wenyewe. Ukishaona huo umbali unaanza kuuliza mgeni alitembezwa wapi, na neno "mji" kwenye maandishi yake lilimaanisha eneo gani. Ramani haikupi jibu, inakupa swali zuri zaidi, na hiyo ndo kazi ya historia jamani, atakayekwambia vinginevyo mwache.

Sasa ya kompyuta. Ramani za karatasi za zamani za Tanzania zimetumia Arc 1960, mfumo wa kupimia mahali pa kitu duniani, GPS yako inatumia mfumo mwingine, WGS 84, na ukichanganya hizo mbili bila kubadilisha, msikiti unahama karibu mita 300. Kwenye kisiwa kidogo hiyo ni kuutupa baharini. Ukiwa unaifunga michoro ya mwanaakiolojia Neville Chittick kwenye ramani, yaani kuipa mahali pake halisi, aliyechimba pale miaka ya 1960, tumia kona za majengo yaliyosimama bado, usitumie ufukwe kwa sababu ufukwe unaliwa na bahari. Na usidanganywe na ile njia ya kufungia mchoro inayoitwa thin plate spline ikikuonyesha makosa sifuri, inavuta mchoro mpaka ugusane na kila pointi uliyoweka, sifuri lazima ije tu hata kama pointi zenyewe ni mbovu.

Jedwali la data za ramani yako liwe na safu ya chanzo na safu ya uhakika. Kila nukta! Nani kasema, kwenye toleo lipi, na wewe unaamini kiasi gani. Narudia, kila nukta, kwa sababu nikitumiwa ramani za vijana naona nukta nzuri za rangi, ukiuliza hii imetoka wapi hawana jibu. Acheni uvivu. Magofu haya yalikaa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini toka 2004 mpaka 2014, hayastahili kazi ya kulipua.

Wewe dada anza na Msikiti Mkuu peke yake. Sehemu ya kaskazini ni ya zamani zaidi, ya kusini iliongezwa karne ya 14, kwa hiyo zichore kama maumbo mawili yenye tarehe tofauti, halafu sogeza kidhibiti cha muda cha QGIS mpaka 1331 uone Ibn Battuta angeingia kwenye jengo la ukubwa gani. Na kwa vile upanuzi hauna mwaka kamili, fanya matoleo mawili, moja linalotanguliza upanuzi na moja linalouchelewesha, na umkabidhi msimamizi yote mawili.