Maswali ya Wasomaji: Tuko watatu tu ofisini, udhibiti wa ndani tutauwezaje?

SWALI: Kamwene mhariri, pole na majukumu. Mi ni mhasibu kwenye kampuni ya kununua na kufungasha parachichi hapa Njombe, tulianza kama kampuni ya familia ila sasa hivi wanahisa wameongezeka na bodi inaongelea kwenda soko la hisa, lile dirisha la kampuni ndogo. Alikuja mshauri akatuachia likitabu la taratibu, kila hatua inataka watu wanne watano, na sisi ofisi ya hesabu tuko watatu. Mkurugenzi kasema tuachane nalo, eti hata Marekani kampuni ndogo zimesamehewa hayo mambo. Ni kweli? Na sisi tufanyeje?
Mhasibu, Njombe

JIBU: Kamwene. Tuanze na hilo la Marekani maana bosi wako kasikia nusu. Sheria anayoisema ni Sarbanes-Oxley ya 2002, ilikuja baada ya Enron, kampuni kubwa ya nishati ya huko, kuanguka kwa hesabu za uongo mwishoni mwa 2001 na WorldCom, ya simu, kufuata mwaka uliofuata. Kifungu chake cha 404 kina sehemu mbili, ya kwanza inawataka viongozi wa kampuni wenyewe wapime udhibiti wao wa ndani, yaani taratibu za kuzuia na kugundua wizi na makosa ya hesabu, kila mwaka na waseme kwa maandishi kama unafanya kazi, ya pili inamtaka mkaguzi wa nje naye atoe maoni juu ya udhibiti huohuo. Kampuni ndogo, zile ambazo hisa zilizo mikononi mwa umma hazifiki thamani ya dola milioni 75, zimesamehewa hiyo ya pili, na msamaha ukawa wa kudumu 2010. Ya kwanza wanayo mpaka leo, na mkurugenzi mkuu na mkuu wa fedha wanasaini kwa majina yao. Kwahiyo walichopunguziwa ni gharama ya mkaguzi, kazi yenyewe iko palepale.

Na sheria ile si ya kwetu. Huku mtakutana na CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, iliyotokana na sheria ya 1994, na DSE, yaani Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambayo ilianza kuuza hisa 1998. Dirisha mnalolisema ni EGM, lilianza 2013, na msidhani ni la watu wa Dar tu, benki ya MUCOBA ya hapo Mafinga kwa jirani zenu iliingia 2016. Masharti yake ni mepesi kuliko soko kuu ila lazima muwe na mshauri mteule, wengi wanamwita Nomad, na huyo hawezi kuwasimamia kama hajui hela yenu inatokaje na inaingiaje.

Sasa watu watatu. Mi naona mnatosha kabisa, na nitakwambia kwanini: shida karibu siku zote inaanzia pale mtu mmoja anaposhika jambo lote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hata kama ofisi ina watu thelathini. Chukua kituo chenu cha kununulia matunda. Kijana anapima kilo, yeye huyohuyo anaandika stakabadhi, alafu huyohuyo anamtumia mkulima hela kwa simu. Hapo akiandika mkulima hewa wa kilo 200 nani atajua? Wewe ofisini unaona karatasi imekamilika, jina lipo, namba ya simu ipo, unapitisha. Mnachotakiwa kufanya ni anayepima asilipe. Stakabadhi ziwe zimechapwa namba tayari, nakala tatu, moja anaondoka nayo mkulima, moja inakuja kwako, moja inabaki kitabuni, na malipo yatoke ofisini baada ya nakala kufika. Kila Ijumaa mtu akae azipange zile namba kwa mfuatano, ikiruka namba moja iulizwe siku hiyohiyo, na kama iliharibika basi nakala zote tatu zilizoharibika zionekane kwa macho. Alafu kilo za stakabadhi za wiki zilinganishwe na kilo zilizoingia stoo ya kufungashia. Parachichi zinapungua uzito na nyingine zinaoza, sawa, lakini mkishajua kwa kawaida inapungua kiasi gani basi wiki ambayo imepungua mara mbili yake mtaiona wenyewe bila kuambiwa na mtu.

Benki nako hivohivo. Anayeandaa malipo asiwe ndo anayelinganisha taarifa ya benki na vitabu, na anayelinganisha aipate taarifa moja kwa moja toka benki, asipokee kopi kutoka kwa mlipaji maana kopi inachezewa. Pasiwedi ya kuidhinisha malipo ya mtandaoni ya mkurugenzi isikae kwa keshia, hapa naomba nisisitize, ofisi nyingi ndogo bosi akisafiri anaacha pasiwedi "ili kazi isikwame" na siku hiyo udhibiti wote umekwisha hata kama kitabu cha mshauri kipo kabatini. Na pale ambapo kwa uchache wenu hamwezi kabisa kugawana kazi, basi mjumbe mmoja wa bodi asiye mwajiriwa awe anakuja kila mwezi anachomoa vocha mwenyewe, asichaguliwe na wewe, anauliza, anaandika swali lake pembeni kwa kalamu, anasaini na tarehe. Mkaguzi akija anataka kuona hiyo saini na hilo swali na jibu lake. Kuambiwa tu kwamba "huwa tunaangalia" kwake si ushahidi.

Lile likitabu msilitupe, mengi yake bila shaka yametokana na mwongozo wa COSO, mwongozo wa udhibiti wa ndani uliotoka Marekani na unaotumika sana duniani, ambao toleo la 2013 lina sehemu 5 na kanuni 17, na mwongozo wenyewe unakubali kampuni ndogo itekeleze kwa njia nyepesi. Kaeni siku moja mchague sehemu ambazo hela inaweza kupotea kweli, ununuzi, malipo, mishahara, stoo, masurufu, hizo ndo mziandikie taratibu fupi zinazofuatwa.

Kitu kimoja cha bodi. Kama kuna mjumbe ana malori na nyie mnamkodi kusafirisha mzigo, lisemwe kwenye kikao, liandikwe kwenye muhtasari, yeye atoke wakati bei inajadiliwa, na lionekane kwenye hesabu za mwaka, viwango vya kimataifa vinataka hivo (ni IAS 24). Kwenye kampuni zilizotoka kwenye familia hili ndo linaleta ugomvi mkubwa baadae, wanahisa wapya hawamjui shemeji ya mtu.

SWALI: Habari mhariri, nina hisa chache kwenye kampuni fulani, ripoti yao ina hati safi lakini huku Mwanjelwa watu wanasema hela inaliwa. Hati safi si maana yake hamna wizi?
Mwanahisa, Mbeya

JIBU: Hapana ndugu yangu. Hati safi inasema kwamba hesabu kwa ujumla wake zinaonyesha hali halisi bila kosa kubwa, na mkaguzi anapima kwa sampuli, wizi mdogomdogo unaweza kupita. Hata WorldCom ilikuwa na mkaguzi mkubwa wa nje, ila waliofukua yale mabilioni ya hesabu za uongo 2002 ni wakaguzi wa ndani chini ya Cynthia Cooper. Kwahiyo kwenye mkutano mkuu simama uulize: mkaguzi wa ndani anaripoti kwa nani, kwa kamati ya ukaguzi ya bodi au kwa bosi anayemkagua? Alafu uliza mkaguzi wa nje mwaka jana alishauri nini kuhusu udhibiti na yapi yametekelezwa. Omba maswali yako na majibu yao yaingie kwenye muhtasari, mwaka kesho uanzie hapo.