Maswali Yenu: Uraia kwa simu moja

SWALI: Hujambo mhariri. Nafundisha Masomo ya Jamii Gredi ya 8 huku mashambani Kilifi, watoto ni wengi na simu iliyoko ni yangu tu. Tunaambiwa tutumie dijitali, basi nawaonyesha slaidi za Kifungu cha 10 cha Katiba, kile cha maadili ya kitaifa, wanakariri, uzalendo, umoja wa kitaifa, utawala wa sheria, mtihani wanapita lakini sioni kama kuna kitu kimewaingia. Nifanyeje?
*Mwalimu, Kilifi*

JIBU: Pole na kazi mwalimu wangu. Slaidi ziweke kando kwanza, mtoto akitazama slaidi bado amekaa tu anasikiliza. Mpe karatasi ya serikali yenyewe aishike aikague.

Mimi ningeanza na Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kila kituo cha kura. Uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliziweka fomu hizi kwenye tovuti wazi, vituo 46,229, mkulima wa Kitale na profesa wa Nairobi wote wakawa wanapakua fomu zile zile na kujumlisha wenyewe. Na haikuja hivi hivi tu. 2017 matokeo yalitangazwa kabla fomu zote hazijafika, kesi ikaenda Mahakama ya Juu na tarehe 1 Septemba uchaguzi wa urais ukafutwa, na suala kubwa lilikuwa ni vile matokeo yalivyotumwa. Huo utawala wa sheria wanaoukariri, hapo wanauona kwa macho.

Sasa fanya hivi, pakua fomu tatu nne ukiwa na bando, peleka saiba uprinti, gawa darasa makundi. Wajumlishe kura za wagombea wote waone kama zinalingana na jumla ya kura halali iliyoandikwa, watafute ni wangapi walijiandikisha na hawakuja, waangalie kama mawakala wa vyama walisaini. Watabishana, na waache wabishane, kwa sababu maadili unayoyatafuta yako hapo hapo, mtu kushindana na mwenzake akiwa na karatasi mkononi si kelele, na kukubali hesabu hata kama mtu wa kwao ndiye kashindwa.

Lakini usichukue fomu za Kilifi peke yake. Changanya na za Kiambu na Siaya na kwingine, ili somo lisigeuke mkutano wa siasa halafu mzazi aje akuulize unampigia nani debe. Tena fomu hizo zina majina na namba za vitambulisho vya mawakala, zifunike kabla ya kutoa kopi na uwaambie watoto kwa nini umefunika, wengi wanasambaza picha za watu kwenye WhatsApp bila kuwaza, kwa hiyo dakika tano za hapo zina faida kuliko slaidi kumi za faragha.

Na shule nyingi za msingi ndizo vituo vya kura! Ikiwa yenu ni mojawapo anza na fomu ya kituo chenu, pengine kura zilihesabiwa kwenye darasa hilo hilo wanalokaa.

SWALI: Mwanangu wa kidato cha tatu siasa zote anazitoa TikTok, tangu ule Mswada wa Fedha wa 2024, wa kodi, hatulali. Nimnyang'anye simu?
*Mama, Nakuru*

JIBU: Usimnyang'anye mama. Mwaka ule vijana walieleza mswada kwa Kiswahili, Kikuyu, Kijaluo na Sheng, watu ambao hawajawahi kushika mswada wakajua uko na nini ndani, na tarehe 26 Juni rais akasema hatausaini. Hiyo ni elimu ya uraia ambayo wengi wetu hatukupewa shuleni.

Ila mzoeshe kuuliza tarehe. Kwa mfano ile kodi ya VAT ya asilimia 16 kwa mkate, kweli ilikuwa kwenye mswada, lakini tarehe 18 Juni ilitangazwa kwamba imeondolewa, kwa hiyo video ya kabla ya hapo na ya baada ya hapo si kitu kimoja hata kama zinasema maneno yale yale. Akikuletea video mwambie akuonyeshe kipengee chenyewe kwenye mswada, na akishindwa kukipata kaeni mtafute pamoja, tovuti ya Bunge inaweka miswada na inafunguka kwa simu.