Galileo alipimaje muda bila stopwochi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu. Tumefundishwa kwamba Galileo aligundua kuwa umbali wa kitu kinachoanguka unaongezeka kwa kipeo cha pili cha muda. Enzi zake stopwochi hazikuwepo. Alijuaje? Na ni kweli aliangusha mawe kutoka mnara wa Pisa?

JIBU: Marahaba. Habari ya mnara tunaipata kwa mwanafunzi wake, Viviani, aliyeiandika baada ya Galileo kufariki mwaka 1642. Hata kama ni kweli, isingempatia kanuni hiyo. Mnara una mita 55 hivi, na jiwe hufika chini kwa sekunde 3 na ushei. Muda mfupi hivyo angeugawa kwa kifaa gani?

Kazi yenyewe aliifanya kwenye mteremko. Katika kitabu chake kilichochapishwa Leiden mwaka 1638 anaeleza boriti ya dhiraa 12, iliyochongwa mfereji ulionyooka wenye upana unaozidi kidogo tu ule wa kidole kimoja. Mfereji aliulainisha, akaubandika ngozi laini, kisha akaviringisha humo gololi ngumu ya bronzi. Ncha moja aliiinua dhiraa 1 au 2. Piga hesabu uone: gololi ambayo ingeanguka urefu wote huo, mita 7 hivi, kwa sekunde 1 na kidogo, sasa, ncha ikiwa imeinuliwa dhiraa 1, inachukua karibu sekunde 5. Amepunguza kasi ya tukio hadi likapimika. Kwangu mimi, huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko kanuni yenyewe.

Muda aliupima kwa maji. Chombo kikubwa kiliwekwa juu, chini yake kikiwa na mrija mwembamba. Gololi ikiwa mwendoni, maji yanakingwa kwenye glasi. Ikifika mwisho, glasi inaondolewa, na maji yale yanapimwa kwenye mizani. Hakuhitaji kujua ni sekunde ngapi, uwiano ulimtosha. Robo ya njia ilitumia nusu ya maji. Alirudia, kwa maelezo yake, mara 100 kamili, na tofauti haikuzidi sehemu ya kumi ya pigo moja la mshipa.

Mwanahistoria Koyré hakuamini kwamba vifaa duni hivyo vingetoa majibu sahihi namna hiyo. Mwaka 1961 Thomas Settle alilifanya upya jaribio kwa vifaa vya aina ileile, na majibu yakakubaliana na ya Galileo.

Zingatia pia alichokiacha. Kwa nini vitu huanguka, swali lililowashughulisha wafuasi wa Aristotle kwa karne nyingi, aliliweka kando ajue kwanza vinaangukaje. Kanuni ya mvutano aliitoa Newton mwaka 1687.

Jaribuni shuleni kwa reli ya pazia, gololi na mizani ya maabara. Maji yawe kwenye ndoo pana iliyojaa, msitumie chupa: kina kikishuka, mtiririko hupungua, na vipimo vya mwisho vitawadanganya.