Kabla Hujalitaja Jina la Rafiki Yako Mbele za Mungu

"Nitakuombea." Hapa Malindi utalisikia neno hili sokoni, ndani ya tuktuk, kwenye simu, mlangoni mwa kanisa ibada ikiisha. Ni neno jema na sitaki lipotee midomoni mwetu. Lakini nimekaa miaka mingi katika kikundi cha maombi cha akina mama, na jambo moja limenikaa: maombi ya kumwombea rafiki huharibikia moyoni, kabla hayajafika mdomoni. Mtu anapiga magoti akiwa na hasira na yule anayemwombea, au anamwonea kijicho, au ameshamkatia shauri Mungu amfanyie nini. Hayo yote hupanda pamoja na maneno yake mazuri. Kwa hiyo nawasihi, ndugu zangu, tuanze na moyo. Majina yatafuata.

Nianze na lililo gumu zaidi, kinyongo. Katika Marko 11:25 Yesu anatuambia kwamba tukisimama kusali, na tuna neno juu ya mtu, tusamehe. Aya hii tunaijua sote. Kuiishi ni kazi nyingine. Kuna rafiki aliyenikopa fedha za mtaji wangu wa leso, akaahidi siku ya kulipa, siku ikapita, kisha akaacha kupokea simu. Baadaye nikasikia mwanawe amelazwa. Nilitaka sana kumwombea yule mtoto, na kila nilipomtaja mama yake, lile deni lilisimama mbele yangu. Niliacha kumwombea mtoto kwa muda nikamweleza Mungu habari za deni: ni kiasi gani, aliniahidi nini, kodi ya nyumba ilinikalia vipi mwezi ule. Sikupamba. Nilipomaliza nikasema, Baba, mtu huyu hanidai wala simdai mbele zako, mengine nakuachia wewe. Haikutosha siku ile, nikarudia siku zilizofuata. Ndipo nikaweza kumwombea mtoto kwa machozi ya kweli. Fedha hazijalipwa hadi leo, na tukikutana tunajuliana hali vizuri, tunaulizana habari za watoto.

Anayetaka kuelewa jambo hili na akae na kitabu cha Ayubu, hasa sura ya mwisho. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walianza vizuri sana. Walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makuu. Walipofungua midomo ndipo walipomuumiza, wakamwambia kwa njia nyingi kwamba haya kayaleta mwenyewe. Huyu ni mtu aliyezika watoto 10. Kisha Mungu anawaagiza wale watatu wamwendee Ayubu na ng'ombe 7 na kondoo 7, watoe sadaka, naye Ayubu awaombee. Awaombee wao! Mstari wa 10 unasema Bwana aligeuza hali yake alipowaombea rafiki zake. Nimesikia mstari huu ukihubiriwa kama njia ya kupata mali maradufu, na inaniuma, maana kilicho kikubwa pale kinarukwa. Ayubu aliambiwa aombe akiwa bado kwenye hasara yake, majeraha ya maneno yao yakiwa mabichi.

Kijicho ni kigumu kukitambua kwa sababu kinajua kuvaa nguo za huruma. Rafiki kapata kazi nzuri, kaolewa, kajenga, na wewe unamwombea "asisahau alikotoka." Jisikilize vizuri hapo. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kumshukuru Mungu kwanza kwa lile jema lenyewe, ulitaje kwa jina lake: asante kwa ile kazi, asante kwa ile nyumba ya Casuarina. Ulimi ukiwa mzito, umeshajua pa kuanzia, na uombe kwanza kwa ajili yako.

Halafu kuna hili la kumwamulia Mungu. Rafiki yako ana mchumba usiyempenda, basi maombi yote ni uchumba uvunjike. Paulo anakiri katika Warumi 8:26 kwamba hatujui kuomba itupasavyo, na kama yeye hakujua, sisi tunapata wapi uhakika? Mimi nimejifunza kumuuliza mtu: nikuombee nini? Yesu mwenyewe alimuuliza Bartimayo kule Yeriko anataka afanyiwe nini, na kila mtu pale aliona kwamba ni kipofu. Jirani yangu ni Mwislamu, mumewe ni mvuvi. Kusi lilipochafua bahari na vyombo vikakaa ufukweni, nilidhani atataka aombewe riziki. Nilipomuuliza akanyamaza kidogo, akasema, "Niombee usingizi, mama. Silali." Nisingelijua hilo kamwe. Akaongeza, "Na mimi nakuombea dua kila siku, hujui tu." Tangu hapo nikimtaja mbele za Mungu namtaja kama dada yangu ambaye naye ananibeba, na hilo limeuweka moyo wangu mahali pake. Anayeomba akijiona yuko juu ya anayeombewa anafanana na yule Farisayo wa Luka 18, aliyesimama hekaluni akimshukuru Mungu kwamba yeye si kama yule mtoza ushuru.

Nisiache kusema juu ya siri. "Tumwombee dada fulani, mnajua ndoa yake ilivyo..." na kabla ya amina habari imeshafika Barani na Maweni. Huo ni umbea, hata ukifungwa kwa jina la Yesu. Katika kikundi chetu tulikubaliana kwamba mtu asiyekuwepo anatajwa jina peke yake, mpaka atoe ruhusa. Mungu anaujua mkasa wake. Wengine hawakulipenda jambo hili mwanzoni, na walioliunga mkono kwa nguvu ni wale waliowahi kuumizwa.

Wakati na mahali kila mtu atafute chake. Mimi huamka na adhana ya alfajiri, mji ukiwa bado umetulia, nikakaa kimya kwanza kabla ya kusema lolote. Yesu alisema tuingie chumbani tufunge mlango, na najua wengi wetu tuna chumba kimoja na watoto wamelala chini. Basi toka nje, kaa barazani. Kuna mwenzetu ambaye hupenda kwenda karibu na lile kanisa dogo la Wareno, la makuti, pale pwani. Fransisko Xaveri alishuka Malindi mwaka 1542 akiwa safarini kwenda India, akamzika hapa mtu aliyesafiri naye. Mwenzetu huyo ana ndugu wengi walio mbali, Uarabuni na kwingineko, na anasema pale humjia wepesi wa kuwaombea walio ugenini.

Kuhusu kufunga nitasema bila kuzunguka, kwa sababu tunaishi Malindi. Baada ya Shakahola, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya watu walioambiwa wafunge hadi wafe, hakuna mtumishi wa Mungu hapa anayepaswa kuzungumzia saumu kijuujuu. Kufunga hakumlazimishi Mungu, na anayekuambia umwombee rafiki kwa kujitesa mwili anakupoteza. Mjamzito, mtoto, mwenye kisukari, aliye kwenye dawa, na aombe akiwa ameshiba. Mwenye afya akitaka kuacha chakula cha mchana ili apate saa moja ya utulivu, ni sawa, na anywe maji. Soma Isaya 58 kwanza. Saumu ambayo Mungu anasema ameichagua ni pamoja na kumgawia mwenye njaa chakula chako.

Na hapo ndipo moyo hupimwa. Kuanzia Aprili hadi Juni wageni hupungua, hoteli nyingine hufunga, na vijana wetu wa jikoni na wa vyumbani huambiwa wakae nyumbani. Rafiki yako yumo. Unapojitayarisha kumwombea kazi, jiulize kama uko tayari Mungu akikuambia umpelekee kilo mbili za unga na samaki. Yakobo 2 inamsema waziwazi mtu anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani akashibe, asimpe kitu. Kama huna unga, una simu. Kama huna salio, una miguu, nenda ukakae naye kama wale watatu walivyokaa na Ayubu kabla hawajasema. Sijawahi kumwombea vizuri mtu ambaye sikuwa tayari kwenda kwake.

Kuna siku utafanya haya yote na moyo utagoma. Jina halitoki, au linatoka kavu. Usijilazimishe kusema usilolimaanisha, Mungu hahitaji maigizo yetu. Mwambie tu kwamba humwezi mtu huyu leo, kisha mtafute mwenzako mmoja mnayeaminiana akushikie. Aliyepooza kule Kapernaumu alibebwa na watu wanne, na Marko haelezi nani alichoka njiani. Kwetu tumezoea kuambiana, "Leo nishikie fulani, mimi siwezi," na hakuna anayeuliza kwa nini. Anayeombwa huandika jina kwenye daftari lake, na wiki ijayo huulizia: "Je, nikurudishie, au niendelee?"