Jibu: Utajuaje F-150 ya zamani ni ya mzigo kweli? Hesabu nati kwanza

Mkuu, nimeuona uzi wako. Unataka kununua pikapu ya Ford F-150 ya 2007 hapo Houston, muuzaji anadai ni ya kazi nzito na bei kaipandisha kwa sababu hiyo, nawe nia yako ni kuisafirisha Lubumbashi ikabebe mizigo. Wadau wamekushauri uiname nyuma uangalie springi. Naomba niwapinge. Springi ndiyo kitu cha mwisho kuangalia, na hilo nililijua nikiwa nimepasukiwa tairi kwenye barabara kuu ya I-10 na mifuko 30 ya zege mgongoni.

Nilivyoanza maisha Texas nilikuwa nahamisha watu na kusomba mabaki ya ujenzi. Nikanunua F-150 ya 2006, dabo kebini, kwa jamaa mmoja wa mtaani. Nyuma ilikuwa imenyanyuka kama panzi. Jamaa akalala chini na tochi akanionyesha springi: mapande mengi, mapya, rangi bado inang'aa. "Hii inabeba tani na nusu," akasema. Mimi huyo, nikatoa hela.

Mwezi wa pili mteja akataka nimpelekee mifuko 30 ya zege kavu, ile ya pauni 80, yaani kilo 36 kila mmoja. Jumla pauni 2,400, kilo 1,090 hivi, na kwenye kebini tulikuwa wawili, miili si haba. Gari halikuinama hata kidogo, na hilo ndilo lililonidanganya. Kabla ya kufika mji wa Katy tairi la nyuma kushoto likapasuka. Tumekaa kwenye majani pembeni ya barabara tunasubiri msaada, ndipo kwa mara ya kwanza nikasoma stika ya mlangoni: watu na mzigo kwa pamoja visizidi pauni 1,480. Sisi tulikuwa tunakaribia 2,800.

Springi za kuongeza zinainua mgongo tu. Tairi ni lile lile, rimu ni ile ile, beringi, ekseli, breki na chesisi havijui kama umeongeza springi. Tena gari linaloinama angalau linakuonya. Lililonyanyuliwa linakaa kimya mpaka kitu kikatike.

Sasa tuje kwenye hicho unachoulizia. Kwenye karatasi za Ford kinaitwa Heavy-Duty Payload Package, yaani kifurushi cha kubeba mzigo mzito. Gari linatoka kiwandani likiwa na chesisi nene zaidi, ekseli ya nyuma ya kazi, springi zake, rimu za inchi 17 na tairi za daraja la LT (za magari ya mizigo), na upoozaji wa ziada. Kwa F-150 za 2004 hadi 2014, alama yake kubwa ni mbili tu: nati saba kwenye kila gurudumu, na namba 8,200 kwenye stika ya mlango.

Nati. Hesabu mwenyewe kwa kidole, usihesabu kwa macho kutoka mbali. F-150 ya kawaida ya 2004 mpaka leo ina nati sita. Ya 1997 hadi 2003 ina tano. Yenye kifurushi cha mzigo, kuanzia 1997 hadi 2014, ina saba. Nane ni F-250 na F-350 za Super Duty, pikapu kubwa za Ford, familia nyingine kabisa. Saba ni namba ya ajabu, karibu hakuna pikapu nyingine ndogo ya Marekani inayoitumia, ndiyo maana inasaidia. Huwezi kuvalisha rimu ya nati saba kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya nati sita, kwa hiyo si urembo wa kununua dukani kama zile rimu za kromu. Hesabu mbele na nyuma. Nyuma peke yake haitoshi, maana ekseli nzima ya nyuma huweza kutolewa kwenye gari lililogongwa ikafungwa kwenye lingine.

Kwa wale wanaotafuta za zamani zaidi: kati ya 1997 na 1999 Ford walitengeneza F-250 nyepesi yenye sura ile ile ya F-150 na nati saba. Wengi wanachanganyikiwa hapo, wanaona maandishi F-250 wanadhani wamepata Super Duty. Kuanzia 2000 hadi 2003 wakarudisha jina la F-150 na kuongeza "7700" kwenye nembo ya ubavuni, yaani pauni 7,700, kilo 3,490 hivi. Ukiikuta hiyo, muuzaji hana haja ya kukueleza mengi. Kwa 2015 kwenda mbele usihesabu nati kabisa, kifurushi kipo ila gari lina nati sita kama ndugu zake, unabaki na stika.

Stika. Fungua mlango wa dereva, utaikuta kwenye ubavu wa mlango au kwenye nguzo. Mara nyingi imepigwa vumbi na grisi, chukua kitambaa kibichi. Tafuta herufi GVWR. Huo ndio uzito wa juu ambao gari lote, likiwa na mafuta, watu na mzigo, halitakiwi kupita. Ya kifurushi itasema 8200 LB, yaani kilo 3,720 kasoro. Za kawaida zinaishia kwenye elfu sita na kitu mpaka elfu saba na kitu. Muuzaji akikwambia "ni heavy duty" na stika inasema 7,050, mazungumzo yameisha.

Ila stika nayo ina siri yake. Baada ya lile balaa la zege niliuza ile ya kwanza, nikaanza kutafuta ya kweli. Nikaenda kuangalia SuperCab moja, ile yenye vimlango vya nyuma vinavyofunguka kinyume. Nafungua mlango, stika safi, 8,200. Moyo ukaruka. Nazunguka mbele, nati sita. Nyuma, sita. Nikasimama pale nikajiona kama sijui kuhesabu. Kisha nikarudi kwenye stika, maana pale chini huwa imeandikwa VIN, ile namba ya herufi na tarakimu 17, nikailinganisha na iliyo kwenye dashibodi chini ya kioo cha mbele. Tofauti! Tarakimu sita za mwisho hazikufanana hata kidogo. Mlango ulikuwa umetoka kwa wauza skrepa. Gari liliwahi kugongwa ubavuni, wakanunua mlango wa rangi ile ile, na stika ya marehemu ikaja nao. Mwenye gari sidhani kama alikuwa tapeli, alionekana kushangaa kuliko mimi. Tangu siku hiyo, nati na stika lazima vikubaliane, na VIN ya mlangoni lazima ifanane na ya kioo.

Kuna stika ya pili, ile nyeupe na njano yenye vipimo vya tairi. Magari ya karibu 2006 kuja juu yanayo. Hiyo ndiyo inayotaja moja kwa moja uzito wa watu na mzigo kwa kilo na kwa pauni, na ndiyo iliyoniaibisha pale Katy. Kwa mtu wa kubeba ni nzuri kuliko ile ya kwanza, kwa sababu kiwanda kimeshakutolea uzito wa gari lenyewe. Kwa yako ya 2007 iangalie. Ikiwa ya mzigo kweli, namba itakuwa inacheza kwenye 2,500 mpaka 3,000. Ikianza na 1, unajua.

Kama stika zimebanduliwa (nazo hubanduliwa, hasa mlango ukipakwa rangi upya), chukua VIN ya kioo uiingize kwenye tovuti ya NHTSA, ile idara ya usalama barabarani ya Marekani. Ni bure. Itakupa kundi la uzito. Unayoitafuta inaangukia kundi la pauni 8,001 hadi 9,000. Dirisha la vipuri la wakala yeyote wa Ford nao wakiipata hiyo VIN wanaweza kukuonyesha gari lilitoka kiwandani na nini.

Chini ya gari, ukiwa umeshaona hayo, ndiyo unaweza kulala ukaangalia. Kifuniko cha difu ya nyuma kikiwa na boliti 12 ni difu kubwa. Kikiwa na 10 ni ya inchi 8.8, na hapo hakuna kifurushi. Lakini 12 peke yake haithibitishi kitu, F-150 nyingi za injini ya lita 5.4 zisizo na kifurushi nazo zina difu ya boliti 12. Inatumika kukataa, si kukubali.

Tairi pia. Ubavuni inatakiwa isomeke LT mbele ya namba, kwa mfano LT245/70R17. Ukikuta herufi P, mtu kaweka tairi za gari la kutembelea kwenye gari la kazi. Nazo zina sheria yake: tairi ya P ikifungwa kwenye pikapu, uwezo ulioandikwa ubavuni unagawanywa kwa 1.1. Kwa maneno mengine hata ile namba unayoisoma si yako yote. Hilo halimaanishi gari si la kifurushi, ila mpunguzie bei maana seti nzima itabidi ununue.

Jambo lingine, wauzaji wengi wanachanganya kuvuta na kubeba, wengine kwa makusudi. Atakuonyesha ndoano ya kuvutia trela, soketi ya taa yenye pini saba, akuambie "full package". Hiyo ni ya kuvuta. Gari linaweza kuvuta trela la tani tatu na likashindwa kubeba tani moja mgongoni, kwa sababu trela lina magurudumu yake.

Angalia na umbo. Nyingi za 2004 hadi 2008 ninazozijua zenye nati saba ni singo kebini au SuperCab, zote zikiwa na bodi refu la futi 8. Ukiuziwa dabo kebini yenye bodi fupi la futi 5 na nusu kwa jina la kifurushi cha mzigo, cheka tu uondoke.

Mimi hatimaye niliipata, SuperCab ya 2005, nyeupe, kwenye mnada wa magari ya makampuni. Milangoni bado unaona kivuli cha maandishi yaliyobanduliwa, na ndani inanuka gundi ya mabomba mpaka leo. Hizi gari zilikuwa za mafundi bomba, watu wa umeme, watu wa bustani. Mtu wa kawaida hakuziagiza, kwa sababu zikiwa tupu zinarusha kama mkokoteni kwenye kokoto. Mke wangu haipandi. Nilipoichukua niliipeleka kwanza kwenye mizani ya malori, tenki limejaa, mimi ndani: pauni 5,340. Toa hiyo kwenye 8,200 unabaki na 2,860, karibu kilo 1,300. Fanya hivyo na wewe, maana masanduku ya chuma na reki walizoacha wenyewe vinakula uzito wako kimya kimya.

Kuhusu Lubumbashi: usukani wa kushoto kwenu si tatizo, Kongo mnaendesha kulia, si kama sisi Tanzania. Lakini fikiria haya mawili. SuperCab ya bodi la futi 8 ina urefu unaopita mita 6, haiingii konteina ya futi 20, kwa hiyo ulizia bei ya futi 40 au meli ya magari kabla hujalipia gari. Na la pili ndilo linaloniuma zaidi: rimu. Hata hapa Texas nilizunguka maduka manne nikitafuta rimu moja ya nati saba, wanakutazama kama umeomba tairi la baiskeli ya mwezini. Ukishapita Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, utaipata wapi? Nunua mbili au tatu za ziada kwa watu wa skrepa, zitupie kwenye bodi zisafiri na gari. Nati pia.

Na kama ni injini ya 5.4 ya valvu tatu, muulize kama plagi zimeshabadilishwa, na za aina gani. Za mwanzo za injini hiyo zilitengenezwa vipande viwili na hukatikia ndani zikifunguliwa. Fundi wa huko akikutana nazo bila kujua, siku yake imeharibika na yako pia.

Ukienda kuiona, piga picha nne: stika nzima ya mlango wa dereva, VIN ya kioo, gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma. Ficha tarakimu za mwisho za VIN ukitaka kuziweka hapa, tutakusomea. Nati zikiwa sita, mrudishie funguo zake. Litakuwa gari zuri la kwendea kazini, ila hiyo bei siyo yake.