Ukivunjiwa nyumba, ficha ufagio kwanza

Mwizi alipita dirisha la jikoni. Alikata wavu, akachomoa vioo vinne vya luva, kimoja kimoja, akaviegemeza ukutani kwa utaratibu kama fundi anayetarajia kulipwa. Asubuhi majirani wakajaa kutupa pole. Shangazi yangu, aliyefika kwa bodaboda kutoka Mbagala, uchafu ule ulimshinda kuutazama. Akafagia, akapiga deki, akavirudisha vioo mahali pake.

Askari wa upelelezi alikuja saa nne na kisanduku chake cha brashi na poda. Swali la kwanza: "Vioo alivyochomoa viko wapi?"

"Nimeshavifuta, mwanangu," shangazi akajibu kwa fahari. "Tazama vinavyong'aa."

Yule kijana akafunga kisanduku. Hakumgombeza. Alitueleza tu kwamba kidole huacha jasho na mafuta, na kioo huyahifadhi vizuri kuliko tofali au ukuta wenye vumbi. Luva haichomoki bila kushikwa kwa vidole, kwa hiyo mwizi wetu alikuwa ametuachia alama zake mara nne. Hata pacha wa kufanana alama zao hutofautiana.

Tangu siku hiyo nimekuwa msumbufu kwa kila anayeibiwa mtaani. Ukikuta mlango umevunjwa, usiingie. Huenda mtu bado yumo. Piga 112, kisha mwombe mjumbe azuie watu getini, hata wale wa pole. Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1910, alifundisha kwamba vitu viwili vikigusana huachiana kitu. Majirani nao huacha chao, tena juu ya cha mwizi. Ndiyo maana polisi wakichukua alama za vidole vyenu wenye nyumba msikasirike: wanataka kuzitenga na za mgeni.

Alama ya kiatu kwenye tope ifunike kwa beseni kabla mvua haijanyesha. Ukiipiga picha, weka rula kando yake na simu iwe juu yake ikitazama chini moja kwa moja, la sivyo ukubwa hautajulikana. Nguo yenye damu usiitie kwenye mfuko wa plastiki; unyevu huozesha vinasaba. Iache ilipo. Ikibidi kuhamishwa, waachie polisi, wataikausha na kuifunga kwenye karatasi.

Andika pia nani aliingia na saa ngapi. Mahakamani wakili huuliza kielelezo, yaani kitu kilicholetwa kama ushahidi, kilipita mikononi mwa nani, na pengo moja tu linatosha kukitilia shaka.

Kule Argentina mwaka 1892, katika mauaji ya watoto wawili, mpelelezi alikata kipande cha mlango chenye alama ya kidole cha damu akaondoka nacho. Jirani alikuwa ameshatuhumiwa. Kidole kilikuwa cha mama yao, Francisca Rojas. Nikiwaza kama shangazi angefika pale mapema na kitambaa chake, mwili unanisisimka.

Ameahidi kwamba siku nyingine atakaa uani mpaka askari aje. Ufagio nimeuficha hata hivyo.