Maswali Yenu: Moto wa Garimoshi

SWALI: Mhariri, wazee waliofanya kazi reli husema injini ya mvuke iliwashwa saa nyingi kabla ya safari. Kwa nini? Na ile kubwa ya Makumbusho ya Reli yaweza kutembea tena? – Msomaji, Muthurwa

JIBU: Wazee wasema kweli. Tanuri, yaani chumba cha moto, hupata joto kwanza huku tumbo la boila, tangi la kuchemshia maji, likiwa bado baridi. Ukiharakisha, chuma hutanuka upande mmoja kuliko mwingine, na mirija inayopitisha hewa ya moto katikati ya maji huvuja pale inapoungana na bamba la chuma. Ndiyo maana moto huanza mdogo. Kabla ya kuwasha, fundi hutazama kioo cha kupimia maji, na hapa hakuna mzaha: maji yakishuka chini ya paa la tanuri, bamba la paa hilo hulainika na boila yaweza kulipuka.

Injini unayoitaja ni Mount Gelai, Garratt ya daraja la 59, yaani injini yenye boila moja katikati ya seti mbili za magurudumu. Ziliundwa 34 na kampuni ya Beyer Peacock, Manchester, Uingereza, miaka ya 1950, kila moja karibu tani 252, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hakuna nyingine za mvuke zilizozishinda nguvu kwenye reli ya upana wa mita moja. Zilichoma mafuta mazito, ambayo lazima yapashwe moto ndipo yatiririke.

Kuitembeza tena? Rangi mpya haitoshi. Pima kwanza unene wa bamba za boila, kisha ijaribiwe kwa shinikizo la maji baridi. Mirija iliyoliwa na kutu hubadilishwa. Bamba la tanuri likiwa jembamba, gharama hupanda sana.